Chupa za Kebaso

Sotik,
Jumapili, 12 Julai 1998.

Kwa dada yangu mpendwa Chepchirchir,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa mahali penye jua, maana najua baridi ya Julai hukupanda magotini. Sisi huku hatujambo. Joan anakusalimu sana, na anasema kile kitambaa ulichomtumia amekishona gauni na limemtosha, ingawa mimi nilimwona akizuia pumzi ili kifungo kifike. Ng'ombe wote wawili wanakamuliwa, chai imechipuka vizuri, na mimi mwenyewe ni mzima isipokuwa jicho la kulia. Unajua nimechungulia hadubini kwa jicho hilo miaka ishirini na mitatu. Joan husema ameolewa na mtu mwenye jicho moja la miaka hamsini na lingine la miaka themanini. Je, Chepngeno anaendeleaje? Nywele zimeanza kurudi? Anakula vizuri? Mwambie mjomba wake anamuuliza, na asikubali kutumwa maji mtoni kabla mwezi huu haujaisha, hata ukimtazama kwa yale macho yako.

Barua yako niliipata Jumatano. Umeandika kwamba Jumamosi ijayo utaniletea mtamba, yule wa mabaka, awe wangu kabisa, kwa sababu niliyaokoa maisha ya mwanao. Mimi niliisoma mara tatu. Joan aliisoma mara moja, akatoka nje kupima mahali pa kumjengea zizi. Nimekaa siku nne nikitafuta namna ya kukujibu, na jibu lenyewe ni refu, kwa hivyo weka chai yako karibu. Nakuomba kitu kimoja tu: mtamba huyo asitoke kwako Chebunyo kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Lazima nianze na mtu anayeitwa Kebaso. Ulimwona siku ile ulipokuja hospitalini, yule kijana mrefu wa maabara aliyekuletea kiti. Kiti hicho nilikuwa karibu kukuletea mimi, lakini alinitangulia, na hiyo ndiyo habari yote ya Kebaso kwa kifupi. Alikuja kwetu miaka miwili iliyopita kutoka upande wa Keroka, kwa Wakisii, na diploma yake kwenye bahasha ya plastiki. Mimi ndiye mkubwa wa maabara, nikampokea vizuri, nikamwonyesha mahali pa kutundika koti. Baada ya miezi sita alikuwa anawaamkia akina mama wazee kwa Kikipsigis kilichonyooka kuliko cha watoto wangu. Mimi nimezaliwa nikiwatazama Wakisii ng'ambo ya barabara, na mpaka leo nikishawaamkia "bwakire" maneno yangu yamekwisha.

Sasa, unakumbuka ile mvua ya mwaka jana iliyokataa kuisha, waliyoiita El Nino. Vyoo vilijaa, vingine vikabomoka, na kila kitu kikateremka mtoni. Januari taifodi ikaanza kwenye laini za wachuma chai, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mtelemkoni. Sisi tulikuwa tunaitibu kwa kapsuli zile zile za tangu nikiwa mwanafunzi. Lakini safari hii wengine walikuwa wakimeza dawa wiki nzima na homa iko pale pale. Daktari Ojwang, mkuu wetu, akaanza kuuliza kama dawa imechoka.

Kebaso akasema si dawa iliyochoka, ni vijidudu vilivyozoea. Watu humeza kapsuli tatu, wakipata nafuu wanaficha zilizobaki kwa homa ya mwaka ujao, na nyingine wanamfungulia ndama anayeharisha. Usigeuze uso, dada, nilikuona kwa macho yangu mwaka wa tisini na nne. Kijidudu kinachoonjeshwa dawa kidogo kidogo hujifunza kuishi nayo, na kikishajifunza humfundisha jirani yake. Ndipo akasema neno ambalo Daktari alilirudia wiki nzima: kwamba tukingoja mgonjwa ashindwe kupona ndipo tujue, tumechelewa, bora tuuulize mto mapema.

Na akauuliza kweli. Alichukua vipande vya bandeji, akavikunja kama tambi nene ya taa, akavifunga kwa uzi na jiwe, akavitumbukiza mtoni chini ya laini. Bandeji ikikaa siku mbili ndani ya maji hunasa kila kinachopita. Kisha aliikamua kwenye kichupa chenye supu ya nyama iliyochujwa, iliyotiwa rangi ya zambarau na kipimo cha dawa yetu ya taifodi. Vichupa alivilaza ndani ya sanduku la maranda ya mbao na chupa ya maji moto katikati, kama kuku anayeatamia. Vikiamka bado ni zambarau, dawa imeua. Vikigeuka njano, vijidudu viko hai, vimekula supu yote na kutucheka. Si lazima viwe vya taifodi, alisema. Hata vile vya kawaida vya choo vikishakuwa sugu, ujue vya taifodi viko darasani.

Mtu asiyejua kusoma angeelewa. Wachuma chai walielewa siku hiyo hiyo. Nyapara mmoja alikuwa anapiga mluzi kutoka juu ya shamba akimwona Kebaso mtoni, anamuuliza leo mto umeamkaje. Kebaso aliweka vituo kumi na moja, kutoka chemchemi ya juu hadi darajani, akachora ramani nyuma ya kalenda ya duka la mbolea, na kila kituo akakipaka penseli ya rangi. Februari vituo vitatu vilikuwa njano. Machi vikawa kumi na moja.

Dada, nitakuambia ukweli. Ningeweza kukwambia kwamba mimi nilikuwa na wazo kama hilo zamani, nikakosa nafasi tu. Nilimwambia Joan hivyo. Si kweli. Sikuwahi kuwa nalo hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma. Miaka ishirini na mitatu nimepita juu ya daraja lile asubuhi na jioni, na nilichowahi kufikiria ni kama viatu vyangu vitalowa.

Wakaja wageni kutoka Nairobi kuangalia vichupa, wakapiga picha. Nilisimama karibu kabisa, nikavuta tumbo ndani. Picha ilipoletwa, Kebaso alikuwa katikati ameshika uzi wake, Daktari amemwekea mkono begani, na pembeni kulikuwa na kiwiko. Joan alikitambua kiwiko kwa kiraka cha sweta, akasema nimetoka vizuri. Nilicheka naye. Usiku ule sikula. Kebaso akija kwetu kunywa chai, Joan alimtilia sukari vijiko viwili bila kuuliza, na mimi mwenye nyumba naulizwa kama sikumbuki alichosema Daktari kuhusu sukari yangu ya damu. Nilianza kuhesabu vitu vya namna hiyo. Mtu mzima, mzee wa kanisa, nahesabu vijiko.

Mwisho wa Machi ukaitishwa mkutano. Daktari alikuwa tayari kuacha dawa ya zamani na kuagiza mpya, ambayo ni ghali, na alitaka tu kusikia maabara inasemaje. Maabara ni mimi. Na mimi nilikuwa nimegundua kosa.

Wiki ile pikipiki ilimwangusha Kebaso kwenye tope, chupa zake za kubebea zikavunjika. Mama mmoja wa laini ya mbali akamwonea huruma, akampa vibuyu viwili vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na Kebaso akavisuuza kwa maji moto, akabebea humo maji ya vile vituo viwili vya mwisho. Yeye si mtu wa kwetu. Kwake kibuyu ni kibuyu. Lakini wewe unajua kibuyu cha mursik kinavyotengenezwa, umenifundisha mwenyewe nikiwa na miaka saba: ule mti wa senetwet unaunguzwa, unasuguliwa ndani mpaka ukuta wote ushike mkaa. Na hospitalini mtu akinywa dawa ya kuogeshea ng'ombe, tunampa nini? Mkaa wa unga, kwa sababu mkaa hukamata sumu na kuishikilia. Ukikamata sumu, utakamata na dawa. Vumbi la mkaa likiingia kwenye kichupa, dawa inaliwa na mkaa, vijidudu vinabaki salama, supu inageuka njano, na vijidudu havijazoea chochote.

Nilipolifikiria hilo nilikuwa jikoni kwako kwa mawazo, nakusaidia kusugua kibuyu, na nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Nikasimama mkutanoni, nikakohoa, nikalieleza polepole. Daktari alivua miwani. Kebaso akasema kwa heshima, "Mzee Noah, vibuyu ni viwili. Chupa zilizogeuka ni kumi na moja."

Nami nikamjibu, "Aliyekosa kuuona mkaa kwenye mbili, atajuaje hakukosa lingine kwenye tisa?"

Watu walicheka. Muuguzi mmoja akamwita Bwana Makaa, na jina likamshika mpaka kwenye laini. Yule nyapara naye akaacha kupiga mluzi. Daktari aliamua dawa mpya ingoje, na akaniomba mimi, kwa kuwa ni mzoefu, nirudie kipimo kwa chupa safi za kioo nimletee jibu. Baada ya siku chache nilimwambia vichupa vyangu vimebaki zambarau. Kebaso alikunja ramani yake, akaiweka juu ya kabati, akarudi kupima mikojo. Hakunikasirikia. Aliendelea kuniita mzee na kunifungulia mlango, jambo ambalo lilinikera zaidi kuliko kama angeniuma.

Mei, Chepngeno akaugua. Wewe ulifika siku ya sita, kwa hivyo hujui zile za mwanzo. Alirudi hapa kwetu kutoka shuleni Ijumaa, kama kila siku tangu umlete asomee huku, akisema kichwa kinamgonga, akalala bila kuvua soksi. Jumatatu nilimpima mwenyewe, ikawa taifodi. Akapewa kapsuli za zamani kama kila mtu. Siku ya tatu homa haikushuka. Siku ya tano akaanza kuongea na baba yake marehemu. Siku ya sita ukaja wewe, ukakaa pale ukimpaka maji usoni, na uliniuliza kama dawa hii ni nzuri. Nikakujibu kwamba ni dawa nzuri, tumeitumia miaka mingi. Ulinishukuru. Siku ya kumi asubuhi niliingia kwa Daktari, nikamwambia tubadilishe dawa mara moja. Akaniuliza kwa nini, nikasema mtu akikaa kazini miaka mingi hupata hisia. Dawa mpya ikatafutwa Kericho siku hiyo hiyo. Siku ya nne yake mtoto akaomba uji, ukalia, ukanikumbatia mbele ya wauguzi, ukasema Mungu alikuwa na sababu ya kunipeleka shule. Daktari naye akasema mbele ya wote kwamba pua ya mzee Noah inanusa kuliko mashine. Dawa ikabadilishwa kwa wagonjwa wote.

Hayo ndiyo unayoyajua, na kwa hayo unanipa mtamba.

Sasa sikiliza usiyoyajua. Kile kipimo nilichoombwa kurudia, nilikirudia kweli. Nilikwenda mtoni mwenyewe alfajiri ya Jumapili, kabla ya ibada, nikaweka bandeji kwenye vituo vinne. Nikatumia chupa za kioo nilizochemsha kwa mikono yangu. Hapakuwa na kibuyu wala chembe ya mkaa. Nikavilaza vichupa kwenye sanduku la Kebaso, kwa sababu sanduku lake ni zuri, lazima niseme. Siku ya pili kabla ya saa sita vyote vinne vilikuwa njano, njano kama kiini cha yai. Nilivitazama kwa jicho zuri na kwa jicho baya. Kisha nilivimwaga kwenye sinki, nikavisuuza mara tatu, nikaenda kumwambia Daktari kwamba vimebaki zambarau.

Sikufanya hivyo kwa sababu nyingine yoyote. Nimejaribu kuitafuta nyingine siku hizi nne, nikamsingizia hata Daktari kwamba dawa ghali ingemaliza bajeti. Hapana. Sikutaka Kebaso awe amesema kweli. Ni hilo tu, dada, na ukiliandika kwenye karatasi linakuwa dogo namna hii.

Kwa hivyo nilipokaa kando ya kitanda cha mwanao, sikuwa nikisubiri hisia. Nilikuwa najua tangu kapsuli ya kwanza. Kila asubuhi nilisema labda leo itashuka yenyewe, nisilazimike kufungua mdomo. Nilimpa siku tisa za homa ili nisimpe Kebaso neno moja. Na kabla yake, tangu Aprili, kulikuwa na wengine. Sita walipona wakiwa wamekonda kama vijiti. Mama mmoja wa laini ya nne hakurudi nyumbani. Sijui kama dawa mpya ingemwokoa, maana alikuja amechelewa. Sitajua kamwe, na niliyeziba njia ya kujua ni mimi.

Ijumaa baada ya kazi nilimwambia Kebaso. Nilifunga mlango wa maabara, nikamwambia yote, pamoja na sinki. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na nitakuambia kitu cha aibu: nilikuwa nayatamani. Angenitukana tungekuwa sawa kidogo. Akaniuliza kuhusu yule mama wa laini ya nne, aliletwa tarehe ngapi. Nikamwambia. Akageuka ukutani, akalia, nami sikujua pa kuweka macho. Kisha akapanda kwenye kiti, akashusha ile ramani kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi, akatoa penseli.

Akasema, "Mzee, vyako viligeuka baada ya saa ngapi?"

Nikamwambia, saa thelathini, labda pungufu kidogo. Akaandika. Akaniuliza vituo gani, akaandika. Akasema vyake viligeuka kwa saa thelathini na mbili, kwa hivyo vinakubaliana, na kwamba kipimo kikirudiwa na mtu mwingine ndipo huwa kipimo. Halafu akanipa penseli, akaniomba nitie sahihi kama mtu wa pili. Hata katika kukosewa, dada, yule kijana amenishinda. Niliondoka pale nikimwonea wivu kwa kunisikiliza.

Kesho asubuhi tunaingia kwa Daktari Ojwang pamoja, na mimi ndiye nitakayesema. Huenda akanifukuza. Joan nimemwambia jana. Leo chai yangu imekuja bila sukari kabisa. Kanisani nitajiuzulu uzee kabla sijaombwa.

Mtamba ni wako, na ukiona vema umwachie Chepngeno mwenyewe, ndiye aliyelipa. Ukitaka kumpa mtu aliyefanya kazi ya kuokoa, unajua sasa anaitwa nani na ni wa upande gani. Lakini asipite kwangu. Nikimfikiria yule wa mabaka akiteremka kwenda Keroka, bado najikuta nahesabu, kama vile vijiko vya sukari. Nimekuahidi ukweli wote, na huo nao ni ukweli.

Chepngeno usimsomee barua hii. Hayo ni yangu kumwambia, uso kwa uso. Jumamosi nitakuja Chebunyo mwenyewe, na sitakuja na kamba ya kumwongozea mtamba. Nitasimama langoni. Ukiamua nisiingie, nitakuelewa, ila mtoto aje angalau nje anisikilize.

Wasalimie majirani, na yule shangazi asiyesikia umsalimie kwa sauti kubwa. Mungu akupe usingizi baada ya kusoma haya, maana mimi nimekuondolea wa leo.

Ni mimi, mdogo wako uliyemlea,

Noah